Mifuko Iliyoshonwa

Fundi alikuwa na ulimi mkali kuliko sindano yake. Mteja akinenepa, alimwambia, "Suruali haijapungua, bwana. Wewe ndiye umeongezeka." Hata figo zake zilipoacha kazi, damu ikawa inasafishwa kwa mashine hospitalini mara tatu kwa wiki, alitania tu. "Sasa nina cherehani mbili."

Kisha utani ukakatika.

Mkewe aliona ni uchovu. Akaamuru nyumba inyamaze. Redio ikazimwa, mapazia yakashushwa, wateja wakafukuzwa kwa upole. Watoto walitembea kwa ncha za vidole. Saa ya ukutani ikasikika kama mtu anayebisha hodi.

Ndani ya kimya hicho, kila mchana, cherehani ililia. Tak, tak, tak. Mke alitabasamu jikoni. "Anashona. Anapata nafuu."

Wiki tatu zikapita hivyo.

Siku moja ya hospitali, mke alitia mkono kwenye shati la mumewe atafute kadi ya kliniki. Mkono ukagonga mshono. Mfuko ulikuwa umefungwa. Akashika koti: limefungwa. Suruali zote nne: zimefungwa. Tena kwa mishono mizuri, iliyonyooka.

"Baba watoto, hii nini?"

Fundi hakugeuka. Alikuwa ameuelekea ukuta. "Fundi hakuhitaji mifuko tena," alisema taratibu. "Hakuwa anakwenda popote."

Alijisema yeye mwenyewe, kama mtu aliyekwisha kuondoka.

"Na hospitali?"

"Basi. Mashine wapewe wanaotaka kuishi."

Mke alitoka mbio, kandambili moja mguuni, hadi kwa jirani yao muuguzi. Jirani alikuja na povu la sabuni mikononi. Akavuta kiti.

"Shemeji, nimezoea kuchokozwa hapa. Leo hata salamu sipati?"

Fundi akaendelea kuutazama ukuta.

"Unapata usingizi?"

"Hapana."

"Unakula?"

"Kila kitu kina ladha ya karatasi."

"Kuna kinachokufurahisha?"

Akatikisa kichwa. "Mimi ni mzigo tu."

"Unafikiria kujiua?"

Mke akaruka. "Usimtie wazo hilo!"

"Kuuliza hakumtii mtu wazo, dada. Kunampa nafasi ya kusema."

Polepole, Fundi akageuka kutoka ukutani. Macho yake yalikuwa kama ya mtu aliyetoka mbali. "Nafikiria kuacha mashine," alisema. "Nilale, nisiamke." Akalia.

"Asante kwa kuniambia. Leo hatukuachi peke yako."

Jirani akamgeukia mke. "Hii ni sonona. Si uvivu, wala si kukosa shukrani. Ni ugonjwa wa pili, umepanda mgongoni mwa ule wa kwanza. Huzuni ya kawaida huja ikapita. Hii ikikaa wiki mbili au zaidi, ikamnyang'anya mtu usingizi, hamu ya kula na furaha, anahitaji matibabu. Na akitaja kufa, msingoje hata siku moja."

"Nami niliposikia cherehani nikadhani amepona!"

"Ulimpa kimya, dada. Alihitaji watu."

"Inatibika?" aliuliza Fundi, sauti ndogo.

"Inatibika. Mazungumzo na mshauri, na dawa ikibidi. Daktari atachagua isiyogombana na figo zako. Twende sasa hivi. Umwambie kama ulivyoniambia mimi."

Walikwenda watatu. Damu ikasafishwa. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akampeleka kwa mshauri siku hiyohiyo, akaandika dawa. "Haifanyi kazi kwa siku moja," alionya. "Vuta subira wiki kadhaa. Wala usiiache kwa kujiamulia."

Nyumbani mapazia yalifunguliwa. Wateja wakarudi kupiga soga. Fundi hakuachwa peke yake. Kuna siku alirudi kuutazama ukuta. Mke alikaa kando yake, akamuuliza waziwazi kama anafikiria kufa, akamsikiliza.

Wiki ya saba, asubuhi ya hospitali, mke alikuwa chumbani akihangaika na kilemba. Sauti ikampigia kelele kutoka nje. Alishtuka, maana ni muda mrefu hakuna aliyepiga kelele katika nyumba ile.

"Mama watoto! Unafunga kilemba au unajenga ghorofa? Tunachelewa!"

Akachungulia dirishani. Fundi alikuwa tayari barabarani, anatembea.