Simu ya Severina

Rafiki yangu Gwakisa, dereva wa lori wa Soweto, Mbeya, hana hata nguvu ya kutunga uongo. Yeye na mkewe Severina walikuwa wameunganisha simu zao wasikilize nyimbo pamoja: mmoja akisimamisha wimbo, na kwa mwenzake unasimama. Gwakisa akiwa barabarani, Severina alikuwa akiusimamisha ghafla ili kumshtua asisinzie.

Severina alifariki akiuguzwa kwao Mlandege, Iringa. Baada ya arobaini, mama mkwe akamwita Gwakisa akachukue vitu vya marehemu.

Akaondoka na uchovu wa msiba, amefungulia nyimbo zao. Karibu na Mafinga ukungu ukashuka, mchana ukawa giza. Macho yakamwelemea. Wimbo ukasimama. Akashtuka, taa za basi ziko usoni pake, akakwepa. Kimya kidogo, kisha wimbo ukaendelea wenyewe.

Mlandege, mama mkwe alifungua kufuli la sanduku la bati.

“Simu niliizima mwenyewe siku ya mazishi, baba. Hakuna aliyeigusa.”

Gwakisa akaipokea. Ilikuwa imezimwa kweli. Nguo zilizoifunika zilikuwa na baridi ya Iringa, lakini simu ilikuwa na joto, kama ndiyo kwanza imetoka sikioni mwa mtu.