Mafuta Yaliyopita Alama

Kila siku baada ya shule Mapendo alivua sare, akala haraka, akaenda kwenye kinu cha shangazi yake hapo Kasenga. Kazi yake kubwa ilikuwa kulinda maji. Injini ya dizeli iliyozungusha kinu ilikuwa na sanduku la maji mgongoni, na juu ya sanduku palikuwa na kijiti chenye kichwa chekundu. Maji yakipungua, kijiti kilishuka, naye Mapendo alimimina maji kidogo kidogo. Shangazi Pétronille asingeweza kazi hiyo. Mtoto wa jicho alikuwa amefifisha macho yake. Alitambua watu kwa sauti na unga kwa vidole. Tangu mumewe afariki, kinu hicho ndicho kilichowalisha wote nyumbani. Hakukuwa na kingine.

Ijumaa moja wanawake walijaa kinuni. Ornella, rafiki wa Mapendo, akachungulia mlangoni.

"Njoo uone! Wanakwaya wanafundishwa mchezo mpya!"

"Niko na kazi."

"Kazi gani? Kuangalia maji? Maji yana miguu, yatakimbia?"

Mapendo akacheka, akatoka. Alidhani atasikiliza wimbo mmoja tu. Zikawa nyimbo nne.

Aliporudi, mvuke ulikuwa unafuka. Kile kijiti chekundu kilikuwa kimezama kabisa, na injini ilinuka chuma kilichoungua. Kwa hofu alinyakua ndoo, akaimimina yote, maji baridi juu ya chuma cha moto. Tsss! Kisha ndani ya injini kitu kikalia: ka! Injini ikasuasua, ikamaliza beseni la mwisho, ikazimwa. Kwa kelele za kinu, hakuna mwingine aliyesikia.

"Mapendo, maji iko?" shangazi akauliza.

"Iko, Shangazi."

Kabla ya kulala alipiga magoti muda mrefu kuliko kawaida. Alimwomba Mungu aitengeneze ile injini. Nguvu ya kusema hakuiomba.

Jumamosi asubuhi mabeseni ya mihogo mikavu yalikuwa yamepangwa foleni. Ya mbele yalikuwa ya Mama Apollinarie, aliyefiwa na baba mkwe. Wageni wa msiba walitarajiwa mchana kutoka Kamanyola. Thaddée, kijana mwenye mikono mizito aliyewasha injini kwa manivela, kile chuma cha kuizungushia kwa mkono, alikuwa anakunja shati. Lakini kwanza Mapendo alipaswa kuchomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini na kumsomea shangazi.

"Nisomee, mwanangu. Jana yalikuwa nusu."

Mapendo akakichomoa. Mafuta yalikuwa yamepanda. Wala hayakuwa meusi tena. Yalikuwa na povu na rangi ya chai ya maziwa.

"Yamefika wapi?"

"Yamepita alama, Shangazi."

"Yamepita? Na hakuna aliyeongeza!" Shangazi akainua mikono. "Wamama, mmesikia? Jana nusu, leo yamejaa! Bwana amemkumbuka mjane wake!"

"Amina!" wakaitika. Mmoja akapiga vigelegele.

"Basi washa, Thaddée," akasema Mama Apollinarie, "kabla malaika hawajaja kuyachukua tena!"

Wote wakacheka, isipokuwa Mapendo. Hakuwa amesema uongo hata neno moja, lakini rangi ya yale mafuta hakuitaja. Thaddée akaingiza manivela, akazungusha. Injini ikaguna. Akazungusha mara ya pili, kwa nguvu zaidi.

"Acha! Thaddée, usiwashe!"

"Weye, umepatwa na nini?" Thaddée akauliza.

Mapendo akasema yote, machozi yakimtoka: kwaya, kijiti kilichozama, ndoo, ile sauti. "Na mafuta si meusi, Shangazi. Ni kama chai ya maziwa."

Shangazi aliomba kijiti, akasugua yale mafuta kati ya vidole viwili, polepole.

"Thaddée, toa manivela," akasema. "Uende Kimanga, uniletee fundi Hatungimana."

Mama Apollinarie alipakia mabeseni yake kwenye pikipiki akatafute kinu kingine. Hakuaga. Hilo lilimchoma Mapendo kuliko fimbo.

Fundi alipofika alilegeza nati ya chini. Kwanza yakatoka maji matupu, kisha uji wa kahawia.

"Nani alizuia isiwashwe?"

"Ni minye," Mapendo akajibu kwa sauti ndogo.

"Na nani alimwaga maji baridi?"

"Ni minye pia."

Fundi akatabasamu kidogo. Akafungua kichwa cha injini, akamwonyesha jointi nyembamba iliyobanwa katikati ya vyuma, imeungua upande mmoja. "Huu ndio ukuta kati ya maji na mafuta. Chuma cha moto kikipata baridi ghafla, kinajivuta, ukuta unapasuka. Mafuta yanatelezesha vyuma. Maji hayajui kazi hiyo. Mngesaga mabeseni mawili tu, vyuma vingekulana, injini ingekufa."

"Na siku nyingine ikichemka?" Mapendo akauliza.

"Unazima. Unaiacha ipoe, hata watu wakinung'unika. Ndipo unaongeza maji, kidogo kidogo."

Alipima kichwa cha injini kwa rula ya chuma: hakikupinda. Akaweka jointi mpya na mafuta mapya, akaiwasha injini dakika chache bila kusaga, akayamwaga. Bado yalikuwa na weupe. Akaweka mengine, akayamwaga tena. Mara ya tatu, Jumatatu mchana, mafuta yalitoka na rangi ya asali.

Wanawake waliporudi, Shangazi Pétronille alisimama mbele yao. "Jumamosi niliwaambia Mungu ameongeza mafuta. Nilikosea. Yalikuwa maji."

Wengine wakacheka. Yeye mwenyewe akacheka, kisha akamvuta Mapendo karibu.

"Uliniambia yamepita alama, na ilikuwa kweli. Lakini ukanificha rangi. Ukweli wa nusu unaweza kuua injini, mwanangu, hata nyumba."

"Niliomba, Shangazi. Niliomba Mungu aitengeneze usiku."

"Naye ameitengeneza kwa mikono ya fundi, lakini alisubiri kwanza weye ufungue mdomo. Ukikosea tena, usimwombe Mungu akufichie. Mwombe nguvu ya kusema, useme mapema, na useme yote."