Kitanda Nilichosema Kimeletwa na Mto

Kila asubuhi nilichota maji, nikaenda chuoni kwa Mwalimu Mahmud kusoma Kurani, kisha nikashuka shambani kumsaidia Bibi. Ndivyo tulivyoishi watoto wa Kilelengwani mwaka 1898. Lakini mwaka huo mto Tana ulifurika hadi ndani ya nyumba, ukaondoka na mpunga wetu, na kitanda cha harusi cha dada yangu Tuneya pia.

Kwetu kitanda hutoka upande wa mke. Harusi ilibaki wiki moja, na Bibi Mwanaarusi, aliyetulea tangu mama afe, hakuwa na namna. Tuneya hakulalamika. Mimi ndiye roho iliniuma.

Kesho yake nikaona kitanda nyuma ya ua wa msikiti, kimetupwa majanini. Kamba zimeoza, lakini miguu yote minne mizima. Ningemwuliza Mwalimu, aliyeuangalia msikiti, ila niliogopa atakataa. Nikangoja watu waende shamba, nikakiburura hadi nyuma ya nyumba yetu.

"Umekitoa wapi?" Bibi aliuliza akiwa jikoni.

"Mto umekileta, Bibi. Usije kukitazama mpaka nimalize."

"Haya, cha mto ni cha aliyekiokota," akasema, akaendelea kukoroga uji.

Siku sita nilikishughulikia kitanda kile. Nilikikwangua, nikaipaka miguu ngeu nyekundu, nikakiwamba kwa ukili mpya niliousuka mwenyewe, mwekundu na mweusi. Vidole vilichanika. Tuneya alikuja kukipapasa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mafuriko.

Siku moja kabla ya harusi, alasiri, nikamwita Bibi. Alikisifu weee, akazunguka, akapitisha mkono chini ya mbao za ubavuni. Mkono ukasimama.

"Mashavu, hiki hakikuletwa na mto."

Akanivuta niiname nione.

"Alama hii niliichonga mimi, sisi waoshaji tujue upande wa kichwa. Ni kitanda cha msikiti cha kuoshea maiti wa kike. Kilipochakaa wakatengeneza kingine." Akakaa chini. "Mama yenu nilimwosha juu yake."

Tuneya alikuwa mlangoni. Aliitazama mikono yake, akaifuta kwenye leso, akaifuta tena. Harusi ni kesho, na kitanda hatuna. Nililia mpaka kwikwi.

Nikataka kuufungua ukili ule tuuhamishie kwingine, Tuneya akakataa. Hakutaka umguse. Basi nikakirudisha kitanda na mapambo yake yote, nikamweleza Mwalimu ukweli. Nyumbani nikamkuta Bibi anatoa kitanda chake mwenyewe, kikuukuu, kamba zimelegea. Tulizikaza sote watatu hadi adhana ya magharibi. Ngeu iliyobaki ilitosha miguu miwili tu.

Kesho yake Tuneya aliolewa, akaenda na kitanda cha Bibi. Bibi alitandika mkeka mahali pake, akaniita nikae karibu naye.

"Kazi yako haikuwa na kosa, mjukuu wangu," alisema. "Kitanda changu nilikionea haya, ndiyo maana sikukitoa. Ungeniambia umekitoa msikitini, ningekupa changu siku ileile ukipambe, na dada yako angeondoka na kazi ya mikono yako. Lakini ulisema mto, nami nikakuamini."