Mishono Kumi na Minne

Kapiteni Sylvestre wa waasi wa Simba alikutwa amekufa kwenye kitanda cha hospitali saa nane na nusu mchana, tumbo wazi, utumbo umemwagika kwenye shuka hadi sakafuni. Muuguzi Léocadie alikuwa amepiga magoti kando yake, mikono yote miwili imo ndani ya tumbo la marehemu, akijaribu kurudisha kilichotoka. Hivyo ndivyo Simba walivyomkuta, na kwao huo ulikuwa ushahidi tosha.

Inspekta Firmin Bitondo aliletwa hospitalini akisukumwa kwa mtutu wa bunduki. Ilikuwa mwezi wa tatu tangu waasi waiteke Uvira, na miezi yote mitatu alikuwa akipalilia mihogo nyuma ya nyumba yake Kimanga, akijifanya hajawahi kuvaa sare maishani. Sare yenyewe aliizika chini ya mihogo hiyo. Lakini mji mdogo hauna siri. Walipomuuliza kama ndiye yule mpelelezi wa zamani, alikubali, maana uongo ungemuua upesi zaidi.

Kanali Léopold, mkuu wa waasi pale mjini, alikuwa ameketi kwenye kiti cha daktari. Daktari mwenyewe alikwisha kuvuka mpaka zamani. Kanali hakupandisha sauti.

"Jua likigusa mulima, ule mwanamuke atapelekwa ku ziwa. Kama iko mwingine aliyeua, unionyeshe mbele ya saa hiyo. Ukinidanganya, mutaenda bote mbili."

Firmin hakuwa shujaa, na hakujidai kuwa shujaa. Lakini Léocadie ndiye aliyemzalisha mkewe mtoto wa mwisho, aliyekuja miguu mbele, na wote wawili wakatoka hai. Deni la namna hiyo halilipwi kwa kukimbia.

Alianza na maiti. Aliomba maji na kitambaa, akapangusa damu pole pole, huku akipumua kwa mdomo. Kidonda kilikuwa cha kipande cha kombora, kimeshonwa siku mbili zilizopita. Pande zote mbili za ngozi vilibaki vipande vifupi vya uzi mweusi. Alivihesabu: mishono kumi na minne. Hakuna uzi uliochanika kwa kuvutwa. Yote ilikatwa, na aliyekata hakujua kazi, maana kila penye mshono ngozi nayo ilichanjwa. Ndani ya kidonda, katikati ya damu, kulikuwa na majani mabichi yaliyopondwa. Shuka lilikuwa limelowa maji yenye harufu ya majani yale yale.

Firmin alimhoji Léocadie kwenye chumba cha dawa, mlango umefungwa. Mwanamke huyo alikuwa amenawa, lakini damu ilibaki kwenye kucha.

"Nani alimshona?"

"Daftari inasema André."

"Sikuulizi daftari."

Léocadie alitazama mlango. Firmin alielewa hofu yake. Kila Simba aliyenyunyiziwa dawa aliamini kwamba risasi ikimfikia itageuka maji. Ila dawa ile ilikuwa na miiko, na mmoja mkubwa ulikuwa huu: mpiganaji asiguswe na mwanamke. Ndiyo maana wapiganaji walitibiwa na wanaume tu, na muuguzi mwanamume wa mwisho alikuwa André, ambaye jana alitoroka kwa mtumbwi.

"André alizimia alipoona matumbo," Léocadie alinong'ona. "Minye ndiye nilimushona."

"Mgonjwa alikuwa amepoteza fahamu?"

"Apana. Alikuwa macho. Alisema, 'Shona, mama. Dawa ilikwisha ile siku nilipigwa.'"

Neno lililoweza kumwokoa mama huyu, kwamba ndiye aliyemshona, ndilo hilo hilo lililoweza kumuua. Firmin alimuuliza alikuwa wapi kabla ya saa nane na nusu. Akajibu kwamba alikuwa jikoni akichemsha vyombo pamoja na mwenzake Geneviève, na mikasi yote ya hospitali ilikuwa ndani ya sufuria. Geneviève aliulizwa peke yake, akasema vivyo hivyo, tena bila kusita. Basi uzi ulikatwa kwa kisu, na hospitali nzima wenye visu walikuwa Simba peke yao.

Mlangoni mwa chumba cha marehemu alikuwapo mlinzi mmoja, Ildephonse, mdogo wa marehemu, wa tumbo moja. Kabla ya vita alikuwa akifundisha katekisimu. Alisimama wima, macho mekundu, kibuyu kidogo kiunoni na kisu kando yake.

"Nani aliingia mchana huu?"

"Hakuna muntu. Ule mwanamuke tu, na kelele zake."

"Hukuondoka mlangoni?"

"Hata kidogo."

"Basi aliyeua alipita mbele yako."

Firmin alitazama kile kisu. Kilikuwa kimeoshwa, kinang'aa, ilhali viatu vya mwenye kisu vilijaa vumbi la kiangazi. Alitamani kuuliza zaidi, lakini jua lilikuwa limeanza kushuka, na mlima ulikuwa karibu.

Kitanda cha pili chumbani humo kililaliwa na Protais, mkulima wa Runingu aliyepasuliwa ngiri. Joto lilikuwa la kuchemsha ubongo, naye amejifunika blanketi mpaka utosini.

"Nililala, mukubwa," alisema kabla hajaulizwa.

"Na blanketi, kwa joto hili?"

"Minye ni mugonjwa."

Firmin aliketi ukingoni mwa kitanda. Alimweleza taratibu kwamba jua likizama, mama aliyembadilishia bendeji asubuhi ataenda kupigwa risasi. Blanketi lilishuka hadi kidevuni.

"Sikuona," Protais alisema mwishowe. "Nilisikia tu. Kapiteni alisema, 'Mudogo wangu, wacha. Acha nipone.' Alisema mara mbili. Nyuma ya ile akalia kidogo kidogo."

Kikulacho ki nguoni mwako.

Jua lilikuwa limebakiza kimo cha mkono mmoja Firmin alipomwingiza Ildephonse mbele ya Kanali. Léocadie alikuwa pale, mikono imefungwa, na wapiganaji wanne nyuma yake. Firmin hakumwita Ildephonse muuaji. Alimuuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za msiba.

"Kaka yako alikuomba uache, tena mara mbili. Kwa nini hukuacha?"

"Minye sikumuua yaya, kaka yangu," Ildephonse alisema. "Nilimufungua. Ule mwanamuke alimushona, niliona ku dirisha. Nilinyamaza siku mbili. Leo balisema tunarudi Katogota ku vita, na yaya akaniambia dawa ni bure, ataambia benzetu bote. Niliogopa. Bila dawa, risasi ni risasi tu. Nikakata uzi ya mwanamuke, nikamwanga dawa mu kidonda, nikangojea kifunge."

"Ulingoja muda gani?"

"Mupaka alinyamaza."

Wapiganaji wawili walimtoa nje, naye akaenda bila kubishana. Kisha mmoja wa waliobaki akamtazama Léocadie, akasema polepole, "Basi ni kweli alimugusa."

Hapo Firmin alijua kwamba amemtoa mama huyu kaburi moja akamtia jingine.

Kanali aliwaamuru wapiganaji watoke. Alifunga mlango kwa komeo, akafungua kamba za Léocadie mwenyewe, kisha akaketi na kuteremsha suruali hadi magotini. Pajani, juu ya kidonda cha risasi, alikuwa amejifunga kitambaa kilicholowa usaha. Alipokifungua, harufu ilijaa chumba, na funza wakaanguka sakafuni. Mficha maradhi, kilio humfichua.

"Siku tisa," alisema. "Daftari inasema André ndiye alishona kapiteni. Basi ni André, Ildephonse aliona mubaya. Na mimi pia, daftari itasema ni André alinitengeneza. Munasikia?"

Walisikia. Firmin alipiga hesabu haraka: Kanali akifa, watauawa; akipona, atakuwa na sababu ya kuwaua ili siri isitoke. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku nzima, lakini alipiga magoti akalishika paja.

Kutoka upande wa ziwa ulisikika mlio mmoja wa bunduki. Paja la Kanali lilishtuka mikononi mwa Firmin, kama la mtoto.

"Mushike vizuri," Léocadie alisema, akaanza kukata nyama iliyooza.