Muhuri Kwenye Kona ya Kioo

Jumanne, tarehe 22 Aprili 2025. Tukuyu iliamka na mvua ileile iliyoanza Jumapili ya Pasaka, na ukungu ulikuwa mzito hata magari yakapita yamewasha taa saa tatu asubuhi.

Saa tatu na nusu Inspekta Sekela Mwaipopo alikuwa kijijini Lufingo, amesimama mbele ya maiti.

Bi. Biubwa Mrisho alilala chali juu ya mkeka, ndani ya chumba cha vioo alichokijenga upande wa ziwa. Kikombe cha kahawa kilikuwa kimeanguka karibu na mkono wake. Kipande cha kioo, kirefu kama kisu cha kuchinjia, kilikuwa kimemchoma shingoni. Juu yake paa lilikuwa na tundu moja la mraba, na mvua iliingia humo kama iliyokaribishwa.

Chumba kile Lufingo nzima ilikijua. Bi. Biubwa alizaliwa Pangani, akaolewa Tukuyu, na kwa miaka arobaini hakuacha kulalamikia baridi. Alipofiwa na mumewe alihamia ukingoni mwa ziwa hili dogo, lililojaa ndani ya shimo la volkano ya zamani. Kisha akaongeza chumba chenye kuta za vioo na paa la vioo. Alitaka kukaa mbele ya maji mwaka mzima, kama kwao, bila kulowa na bila kutetemeka. Alikikalia miezi mitatu.

"Nani alimkuta?"

"Mimi, afande." Felista, mama wa makamo aliyemsaidia kazi za nyumbani, alikuwa ameshika pindo la kanga kwa mikono miwili. "Nilikuwa jikoni. Nikasikia kitu kinapasuka. Nikasema leo sahani zimekwisha."

"Ulimwona mtu?"

"Hakuna mtu. Ng'ombe tu."

"Mlango?"

"Ulifungwa kwa ndani. Ilibidi nivunje kitasa."

Koplo Jackson, aliyevaa glavu, aliinama chini ya kiti akatoka na kitu mkononi.

"Afande, silaha hii hapa."

Lilikuwa parachichi bichi, kubwa, limepasuka upande mmoja. Jackson alitaka kucheka, akamwona tena marehemu, akaacha. Nje, tawi la mparachichi mkongwe lilikuwa limetanda juu sana ya paa.

"Parachichi linaua?" aliuliza.

"Likianguka kutoka juu vile, likakuta kioo cha dirisha, linaua. Swali ni kioo cha dirisha kilifika vipi kwenye paa."

Felista alileta bahasha ya marehemu. Ndani yake mlikuwa na hati ya mapokezi ya mzigo kutoka dukani kwa Kheri Mrisho, mjini Tukuyu. Vioo kumi na viwili vya kawaida, vya ukuta. Vioo kumi na viwili vigumu, vya paa. Vyote kipimo kimoja.

Sekela alivijua vioo hivyo vigumu, ambavyo mafundi huviita tempa. Hata vikipasuka humwagika punje butu, mfano wa mahindi. Lakini vilivyotawanyika mkekani vilikuwa visu.

Aliagiza fundi aletwe.

Mzee Ambindwile alifika kwa miguu, kofia mkononi. Sekela alimjua tangu utoto. Alikuwa mzee wa kanisa katika usharika wake, na ndiye aliyesimama kaburini siku alipozikwa baba wa Sekela.

"Shikamoo, tata," alimwamkia kwa Kinyakyusa, kama baba.

"Marahaba, mwanangu."

"Paa hili umelijenga wewe?"

"Mimi."

"Kwa vioo gani?"

Mzee alitazama vipande vile sakafuni. "Niliweka nilicholetewa."

"Kwa hiyo Kheri alileta vioo vya kawaida, akaandika kwamba ni vigumu?"

Mvua iligonga vioo.

"Mwanangu, mimi niliweka nilicholetewa."

Sekela aliandika hivyo, na moyoni akaandika zaidi ya hivyo. Akamsogezea karatasi. "Soma maelezo yako, tata, kisha utie sahihi."

Mzee alipapasa mfuko wa shati. "Miwani nimeiacha nyumbani."

Jackson akamsomea. Mzee akatia sahihi yenye mikia mingi. Alipokuwa anatoka aliinua kidole juu. "Kile cha tatu kutoka mwisho kina ufa. Msikae chini yake."

Jackson alipanda ngazi kuhakikisha. Kweli, ufa ulikuwepo, mwembamba kama unywele.

*

Saa kumi jioni walimkuta Kheri mbele ya duka lake, karibu na soko, amekaa na wafiwa. Machela ya msikitini ilikuwa imeshaombwa, sanda ilikuwa imeshanunuliwa.

"Kheri Mrisho, uko chini ya ulinzi kwa kifo cha Biubwa Mrisho."

"Shangazi yangu?" Kheri alisimama taratibu. "Afande, mimi nimuue shangazi kwa kioo? Tena mwanamke aliyenifundisha biashara? Hata utani una mipaka."

"Uliuza vioo vya kawaida kwa jina la vioo vigumu."

"Nani kasema?"

"Fundi aliyeviweka."

"Subiri. Umeangalia muhuri? Kila tempa ina muhuri kwenye kona. Nenda kaangalie muhuri!"

"Mengine utayaeleza kituoni."

"Anazikwa kesho baada ya alasiri. Hakuzaa, kaka yake ni marehemu. Mimi ndiye wa kumshusha kaburini."

"Sheria haina shangazi," alisema Sekela, akafunga pingu.

Muuza ndizi mmoja akatema mate chini. "Mwenye damu yake kabisa!" alisema kwa sauti, na wengine wakaitikia. Kheri aliinamisha kichwa.

*

Jumatano asubuhi Sekela alirudi Lufingo kuchora ramani ya eneo la tukio. Daktari alikuwa amethibitisha kwamba mshipa mkubwa wa shingo ulikatwa, na mwili ulikwisha kukabidhiwa kwa wanawake wa msikitini kwa ajili ya kuoshwa. Jalada lilikuwa linaelekea kujifunga lenyewe.

Saa nne mvua ilikatika. Jua likatokea upande wa pili wa ziwa, kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, na chumba chote kikajaa joto. Sekela alisimamisha kalamu. Sasa alielewa alichokuwa anakitafuta yule bibi.

Ndipo akaona kitu mkekani. Pembeni mwa doa la damu palikuwa na kivuli kidogo, duara lenye herufi ndani yake.

Alifuata mwanga kwa kidole mpaka ukutani. Kwenye kona ya kioo, chini kabisa, palikuwa na muhuri mdogo kama ukucha. Akaenda kioo cha pili. Muhuri. Cha tatu. Muhuri. Alizunguka chumba kizima akipiga magoti, akahesabu kumi na viwili.

"Jackson! Panda ngazi. Angalia kona za vioo vya paa."

Jackson alikagua kimoja baada ya kingine. "Havina kitu, afande."

Kheri alileta kila kitu kama alivyoandika. Vioo vigumu vilikuwepo. Vilikuwa ukutani.

Sekela aliketi sakafuni. Muhuri. Mtu aliyefiwa alimwambia neno hilo barabarani, mara tatu, naye akamjibu kwa pingu. *Bwana,* aliomba, *nimemfunga huyu kwa sababu simjui, na yule nimemwamini kwa sababu namjua. Nisamehe, na unipe nguvu ya kuinuka hapa.*

Aliinuka, akamwita Felista.

"Vioo vilikuja vimefungwaje?"

"Ili visigongane njiani? Vingine walipachika majani makavu ya migomba katikati, vingine magazeti."

"Yako wapi?"

"Magazeti nilikokea moto. Majani nikamtandikia ng'ombe, alikuwa na baridi." Felista alisita. "Nilikosea?"

"Fundi alisemaje?"

"Heee! Alipofika asubuhi aliuliza, 'Majani yako wapi?' Akanifokea mpaka nikashangaa. Mzee mzima anagombania majani makavu! Kisha akakaa juu ya mbao muda mrefu, kama mtu anayesali. Basi, akawaonyesha vibarua, hivi juu, hivi pembeni."

Sekela alibaki akitazama maji. Alikuwa anakumbuka Jumapili. Mzee Ambindwile alisimama mbele ya usharika, Biblia kubwa wazi mikononi, akasoma habari ya kaburi tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sauti yake ilitetemesha watu. Somo lilikuwa refu.

Hakugeuza ukurasa.

*

Saa saba walikuwa katika chumba cha mahojiano. Sekela alimpa mzee onyo la kisheria. Juu ya meza aliweka kioo kimoja kilichong'olewa ukutani.

"Tata, nisomee muhuri huu."

Mkono ulikwenda mfukoni. "Miwani..."

"Jana uliona ufa wa unywele ukiwa mlangoni. Bila miwani."

Mkono ulibaki mfukoni.

"Yule kijana atoke," alisema mzee, akimwangalia Jackson.

"Sheria inataka shahidi, tata."

"Basi na ageukie kule."

Jackson aligeukia dirisha mwenyewe, bila kuamriwa.

"Namba najua," alianza mzee. "Futi, inchi, pembe, hunidanganyi. Herufi sikuwahi. Nilipokuwa mdogo nilichunga, kisha nikashika msumeno. Mke wangu alikuwa ananisomea kila kitu. Masomo ya kanisani pia. Jumamosi ananisomea mara tano, mara sita, mpaka yakae kichwani. Sasa ananisomea binti yangu, anadhani macho yangu yamechoka."

"Na vioo?"

"Kheri aliniambia dukani, 'Fundi, vya paa nimevipachika majani ya migomba, vya ukuta magazeti.' Nikafurahi. Majani nayajua. Nafika kazini, vyote vimelala uchi. Vimepangwa upya."

"Uliuona muhuri?"

"Niliuona."

"Ukafikirije?"

"Niliona vingine vina alama, vingine havina. Nikasema, vyenye alama vimechafuliwa kiwandani, bora viende chini." Alifumba macho. "Nilijua nabahatisha, mwanangu. Nisijitetee. Bi. Biubwa alikuja na kahawa. Akaniuliza, 'Fundi, vya juu ni vipi?' Alikuwa na miwani yake puani. Maneno mawili tu yalihitajika. Mama, nisomee. Nikaangalia vibarua wangu wananitazama. Nikamwambia, 'Mama, kunywa kahawa yako, kazi hii niachie mimi.'"

Sekela alifungua ukurasa mpya.

"Akacheka," alisema mzee. "Akasema, 'Haya, fundi wangu, nakuachia.'"

"Jana ulipoviona vile vipande?"

"Nilijua palepale. Tempa haivunjiki vile. Nilijua ni mimi."

"Ukamwacha Kheri alale mahabusu."

"Ulinipa mlango, mwanangu. Ulisema jina lake wewe mwenyewe. Mimi nilinyamaza tu." Machozi yalimtiririka hadi kwenye ndevu, hakuyafuta. "Usiku kucha nilijaribu kuomba. Maneno yote niliyonayo ni ya kukariri. Sikupata hata moja la kwangu."

Sekela aliandika kila neno. Alipofika kwenye *ulisema jina lake wewe mwenyewe*, kalamu ilisimama. Hakuna ambaye angemlaumu kama angeliruka. Aliliandika, kisha akamsomea mzee maelezo yote taratibu, mstari kwa mstari, huku akimwonyesha kwa kidole. Mzee akaweka dole gumba. Ile sahihi yenye mikia hakuitaka tena.

"Utashtakiwa kwa kuua bila kukusudia," alimwambia. "Na kwa maelezo ya uongo."

"Ndaga," alisema mzee. Asante.

*

Saa tisa kasoro Sekela alifungua mwenyewe mlango wa mahabusu.

"Bwana Kheri, uko huru. Nimekukosea. Naomba..."

"Usiniombe radhi humu." Kheri alikuwa anavaa viatu. "Hapa nani anasikia? Ulinifunga mbele ya duka langu. Nifungulie palepale."

Ilikuwa haki yake. Walipotoka uani, Mzee Ambindwile aliyekuwa amekaa benchini na askari akasimama.

"Nipelekeni na mimi."

"Hapana, tata. Sitakutembeza sokoni. Nimeshafanya hivyo kwa mtu mmoja, inatosha."

"Hunitembezi. Nakwenda mwenyewe. Hapa nimeshasema mbele ya wawili, na mmoja alinipa mgongo."

Sekela alimtazama Kheri. Kheri alitazama saa. "Aje," alisema. "Lakini upesi. Shangazi ananisubiri."

Mbele ya duka wanaume wa jeneza walikuwa wamekwisha kukusanyika, kanzu zao zinang'aa juani. Wauza ndizi walisimama. Sekela alivua kofia ya polisi.

"Jana, saa kumi, hapa, nilimfunga mtu asiye na kosa. Aliniambia pa kuangalia, sikuangalia. Nilimwambia sheria haina shangazi. Yale yalikuwa maneno yangu, hayakuwa ya sheria. Bwana Kheri alifanya kazi yake kwa uaminifu. Aibu hii ni yangu."

Muuza ndizi wa jana aliangalia miguu yake.

Mzee Ambindwile alisogea mbele bila kusukumwa. Kofia aliikunja mikononi mpaka ikawa kama kitambaa. Wengi walimjua, wapo aliowajengea nyumba, wapo aliowazikia wazazi. Alimgeukia Kheri.

"Vioo vyako vilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyevigeuza, kwa sababu sikuweza kusoma muhuri, na niliona haya kuuliza. Kwa haya hiyo nimemuua mama aliyenipa kahawa."

Kheri alimtazama usoni.

"Sikuombi kitu," alisema mzee. "Nataka tu hawa wote wasikie." Akavuta pumzi, akainua sauti yake ileile ya kanisani, safari hii bila kitabu mikononi. "Naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu. Tangu leo, karatasi yoyote nitakayopewa, hata ile ya hukumu yangu, nitasema: sijui kusoma, nisomeeni."