Saa Moja Hadi Gondar

Kila asubuhi, kabla ya kugusa chai, Tirsit alijipima sukari kwa tone la damu ya kidoleni, kisha akajidunga insulini. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kisukari alikwisha kukizoea. Jambo moja tu hakulizoea: macho ya watu.

Asubuhi hiyo yeye na shangazi yake, Zenebech, walikuwa Addis Ababa, nyumbani kwa ndugu yao. Walikuwa wamekuja kumwona daktari. Kuja walipanda basi, wakalala njiani, wakafika miguu imevimba. Ndugu yao aliwahurumia, akawakatia tiketi za ndege za kurudia Gondar.

"Shangazi, kwa ndege ni saa moja tu!" Tirsit alisema huku akirukaruka. "Nitakula nyumbani."

"Umeshajidunga, halafu hutaki kula? Sukari itashuka mno. Haya, tia mkate na peremende kwenye mkoba wako. Umetia?"

"Nimetia."

Haikuwa kweli. Alivisukumia ndani ya sanduku kubwa, maana hakutaka abiria wamwone akitafunatafuna na kuanza kumuuliza maswali.

Njiani magari yalisongamana. Uwanjani walipanga foleni, wakapekuliwa, wakapanga foleni tena. Sanduku lilipakiwa kwenye sehemu ya mizigo ya ndege. Walipopaa hatimaye, asubuhi ilikuwa imekwenda.

Tirsit aliketi dirishani, karibu na msichana wa rika lake aitwaye Bilen. Shangazi aliketi safu za nyuma. Milima ilipita chini yao, safari ikakaribia kwisha. Ndipo rubani akatangaza kwamba ukungu umeufunika uwanja wa Gondar, hivyo watazunguka angani mpaka upungue.

Mikono ya Tirsit ilianza kutetemeka. Jasho likamtoka.

"Ee, mwoga wewe!" Bilen alicheka. "Ndege haianguki kwa kuzunguka!"

Tirsit alijichekesha naye. Lakini kichwa kilikuwa chepesi, na uso wa Bilen ulianza kuonekana kama nyuso mbili. Aliijua hali hiyo. Akinyamaza kidogo tu, huenda asiweze kusema tena.

"Siogopi ndege," alisema kwa taabu. "Nina kisukari. Sukari imeshuka. Niitie shangazi."

Bilen aliacha kucheka. Alipaza sauti hadi abiria wote wakageuka. Mhudumu alikuja mbio na maji ya matunda yenye sukari, shangazi akamnywesha. Baada ya muda mikono ilitulia, akapewa na mkate.

"Nisamehe," Bilen alisema. "Bibi yangu naye anacho. Ungeniambia mapema, nisingekucheka."

"Na mkate wako uko wapi?" shangazi aliuliza.

"Kwenye sanduku. Nilikudanganya, shangazi. Niliona haya."

Shangazi Zenebech hakumgombeza. Ukungu ulipopungua, ndege ikatua salama. Wakiteremka ngazi, alimshika mkono.

"Mwanangu, saa moja ni ya angani tu. Foleni na ukungu havimo ndani yake. Msafiri mwenye akili hujiandaa kwa safari nzima, tangu mlango wa nyumba anakotoka mpaka mlango wa ile aendako. Na ugonjwa si aibu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Leo umesema, na umepata wa kukusaidia."

"Hata rafiki nimepata," Tirsit alijibu, akimpungia mkono Bilen aliyekuwa akimngoja chini ya ngazi.