Mkono wa Emilian Wajifunza Kupanda

Evarista na mumewe Emilian, wazazi wa Goodness, walilima mboga Rhotia, jirani na mji wa Karatu. Walilima kabichi, karoti na chainizi. Kila asubuhi ukungu ulishuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kufunika shamba lote. Ukiondoka, majani yalibaki yameloa na kung'aa. Emilian aliotesha na kupanda. Evarista alipalilia na kuvuna. Wanunuzi wa hoteli za watalii walifuata mboga hukohuko shambani.

Masika yalipoanza, udongo ulilainika. Emilian alikuwa akitengeneza matuta. Ghafla jembe likamponyoka. Aliinama kuliokota, lakini mkono wake wa kulia haukusogea.

"Vipi, Baba Goodness?" Evarista aliuliza.

Emilian alijibu, lakini maneno hayakueleweka. Mdomo wake ulikuwa umelegea upande mmoja. Evarista akapiga kelele kuita watu.

Jirani yao Laurencia alikuja mbio. Yeye ni mhudumu wa afya wa kijiji. Alimtazama Emilian usoni, kisha akamwambia anyanyue mikono yote miwili. Wa kushoto ulipanda. Wa kulia ulibaki chini.

"Hiki ni kiharusi," alisema Laurencia. "Asipewe chakula wala maji, atapaliwa. Aende hospitali sasa hivi."

Inosenti, mdogo wake Emilian, naye alikuwa amefika. "Tusimpitishe kwanza kwa mganga?" aliuliza. "Jana alikuwa mzima kabisa."

"Hapana, baba," alijibu Laurencia. "Tukichelewa, ubongo unazidi kuharibika. Tafuta gari."

Inosenti alitafuta gari. Hospitalini daktari aliwaeleza kwamba mshipa wa damu kichwani umeziba. Chanzo kilikuwa presha. Emilian alikuwa na dawa za presha nyumbani, lakini aliziacha alipojisikia vizuri.

"Presha haiumi," daktari alisema. "Ukijisikia vizuri, endelea kumeza. Usiache mpaka mimi nikuambie."

Emilian alirudi nyumbani akiwa hai. Lakini mkono wa kulia ulilala mapajani kama si wake. Evarista alimlisha, alimwogesha na kumvisha. Kisha alikimbilia shambani. Mvua ilinyesha bila kupumzika. Magugu yalizidi kimo cha karoti. Miche ya kabichi kitaluni ilirefuka mno, ikaanza kulala na kuoza.

Inosenti alimwonea huruma. "Shemeji, utaugua na wewe," alisema. "Tulikodishe shamba. Yupo mtu analitaka."

Emilian alikuwa amekaa mlangoni. Alijaribu kusema, ikatoka sauti moja tu: "Ha... ha..." Machozi yakamtoka.

Evarista alimfuta mumewe machozi. "Tusubiri kidogo, shemeji," alisema. Lakini moyoni hakujua anasubiri nini.

Kesho yake Laurencia alipita kuwajulia hali. Alimkuta Evarista akimlisha Emilian ugali.

"Mama Goodness," alisema, "huo mkono wa kulia unafanya kazi gani kutwa nzima?"

"Haufanyi kitu. Si unaumwa?"

"Ndiyo maana unazidi kulala. Sikiliza. Barabara ya huku kwetu ikikatwa na maji, watu huwa wanaacha kwenda mnadani?"

"Hapana. Wanapita pembeni."

"Na wakipita kila siku?"

"Panakuwa njia."

"Ubongo nao uko hivyo. Sehemu moja imeharibika. Lakini sehemu nyingine inaweza kujifunza kuuamuru huu mkono. Inajifunza kwa kurudia kazi ileile, tena na tena. Si wote wanaopona sawa. Wengine wanapata nafuu kubwa, wengine kidogo. Ila mkono usiopewa kazi haujifunzi."

Evarista aliweka kijiko chini. "Mimi nilidhani namsaidia."

"Ulimsaidia. Sasa tumsaidie kwa namna nyingine. Mrudisheni hospitali, mtaalamu wa mazoezi awaonyeshe cha kufanya. Na usimnyanyue kwa kuvuta ule mkono. Bega litateguka. Nyumbani mpe kazi anayoipenda."

Emilian aligeuza shingo. Alikuwa anatazama kitalu.

Walikwenda hospitali, wakafundishwa mazoezi. Kisha Inosenti alikata miti na kutengeneza kichanja, kama meza, mbele ya nyumba. Juu yake waliweka udongo na samadi iliyooza. Chini waliacha nafasi ili maji yachuruzike. Wakaezeka nyasi kidogo, mvua isiipige miche. Sasa Emilian aliweza kuotesha mboga akiwa amekaa kwenye kiti.

Alianza kwa kuusukuma mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto. Alisawazisha udongo. Alichora mistari. Alimwaga mbegu, nyingi zikaanguka chini. Alichoka, akapumzika, akaanza tena. Mbegu ziliota. Wiki zikapita. Lakini vidole bado havikuweza kushika kitu.

Kisha, asubuhi moja, Evarista alikuwa anapita na ndoo ya maji. Laurencia alikuwa amekuja kupima presha. Emilian alikuwa ameulaza mkono wa kulia karibu na mche wa kabichi. Kidole gumba kilisogea. Kikasimama. Kikasogea tena, taratibu, mpaka kikaugusa mche. Vidole vingine vikakifuata. Mche ukainuka, mizizi yake myeupe ikining'inia na udongo. Emilian akauingiza kwenye shimo jipya, akaushindilia.

Evarista alitua ndoo. Alikuwa amepanda miche isiyo na idadi maishani mwake. Huu aliutazama kama hajawahi kuona mmea. Akakaa palepale kwenye matope.

"Laurencia," alinong'ona, "ndani ya kichwa cha mtu kuna mambo makubwa hivi?"

"Yapo," alijibu Laurencia. Naye macho yalikuwa yamemlowa. "Nimeyaona kwa wengine. Bado sijayazoea."

Tangu siku hiyo kitalu kikawa kazi ya Emilian. Alimeza dawa zake kila asubuhi na chai. Wanajumuiya wenzao wa kanisani walikuja kumsaidia Evarista palizi na kupandikiza miche. Emilian alijifunza kutembea na fimbo, akaanza kushuka shambani mwenyewe. Mtu wa kukodi shamba aliambiwa halikodishwi.

Masika yalikwisha, baridi ikaingia. Inosenti alikuja kusaidia kuvuna. Ukungu ulikuwa ndiyo kwanza unaondoka. Kabichi zilijitokeza kidogo kidogo, nono, zimefunga vizuri, mstari baada ya mstari. Inosenti alivua kofia akaishika mkononi kama yuko kanisani.

Mistari yote ilikuwa imenyooka. Mmoja tu ulikuwa umepinda huku na huku, mpaka mwisho wa shamba.

Inosenti aliuangalia, kisha akamgeukia kaka yake.

"Huo," alisema Emilian polepole, neno moja moja, "ni wangu."